Nuru ya Mataifa Yote

Somo la wiki hii, msimu wa Krismasi
Maandiko: Luka 2:21-38, Isaya 49:6, Matendo 10, Waefeso 2:11-18
Mstari wa kukariri: Luka 2:30-32. Uandike kwenye kikaratasi, ubandike mahali utakapouona kila asubuhi.

Kama hukuwa nasi Jumapili, haya ndiyo tuliyojifunza. Kama ulikuwepo, soma tena pole pole ukiwa na Biblia yako mkononi, kwa sababu neno la Jumapili likisomwa tena Jumatano huwa linagusa mahali pengine.

Wiki hii steji zote zimejaa. Nauli imepanda, na bado watu wamepanga foleni na mabegi, mikate, sukari, na watoto waliosinzia mabegani. Kila mtu anaenda kwao. Hakuna ubaya. Hata Yusufu na Mariamu walisafiri mpaka mji wa ukoo wao. Lakini kuna jambo nimeliona mwaka baada ya mwaka. Tunaenda kwetu, tunakaa na wetu, tunakula na wetu, tunaongea lugha yetu, na tukirudi mjini Januari, "wetu" imekuwa tamu zaidi na "wao" imekuwa chungu zaidi. Kwa hivyo kabla hujapanda gari, wacha nikupeleke kwanza Yerusalemu, hekaluni, ukutane na mzee mmoja.

1. Mzee aliyekuwa anawangojea watu wake wafarijiwe

Mtoto Yesu alikuwa na umri wa kama siku 40. Ukisoma Walawi 12 utaona ndizo siku ambazo mama aliyezaa mtoto wa kiume alingoja kabla ya kuleta sadaka ya utakaso. Sadaka yenyewe ilikuwa mwanakondoo na ndege mmoja. Lakini aliyekosa uwezo wa mwanakondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Luka anatuambia wazazi wa Yesu walileta nini. Ndege wawili. Wewe ambaye mwaka huu hujaweza kununua hata kuku, sikia hilo vizuri. Mama wa Mwokozi aliingia nyumba ya Mungu na sadaka ya maskini, na hakuna aliyemrudisha.

Hapo ndipo Simeoni anatokea. Biblia haitaji umri wake, lakini anaongea kama mtu ambaye yuko tayari kufunga safari yake ya duniani, ndiyo maana tumezoea kumwita mzee. Alikuwa mwenye haki, mcha Mungu, na alikuwa anangojea faraja ya Israeli. Usipite hapo haraka. Alikuwa anangojea faraja ya nani? Ya Israeli. Ya watu wake.

Na alikuwa na sababu. Watu wake walikuwa chini ya Warumi. Kodi ilikuwa inaenda Roma. Kwenye kiti cha enzi alikuwa Herode, mfalme aliyewekwa na Warumi, mtu ambaye baadaye aliua watoto wa Bethlehemu. Kama kuna mtu angesamehewa kwa kusema, "Mungu ametukumbuka sisi, sasa wale wengine watatujua," ni Simeoni.

Sasa soma kile alichosema. Alimpakata yule mtoto, akamshukuru Mungu, akasema macho yake yameuona wokovu ambao Mungu ameuweka tayari mbele ya watu wote. Kisha akaeleza ni wokovu wa namna gani: ni nuru kwa mataifa, na ni utukufu kwa Israeli. Angalia mpangilio, mpendwa. Mataifa yametajwa kwanza. Huyu mtu amengojea miaka mingi watu wake wafarijiwe, na siku faraja inapofika mikononi mwake, kitu cha kwanza anachokiona ni watu wasio wake.

Ni nini kilimfanya aone hivyo? Hesabu mwenyewe katika mstari wa 25, 26 na 27. Luka anamtaja Roho Mtakatifu mara tatu katika mistari hiyo mitatu. Roho alikuwa juu yake. Roho alikuwa amemfunulia. Roho ndiye aliyemwongoza kuingia hekaluni. Sisi wapentekoste tunapenda kuuliza, utamjuaje mtu aliyejaa Roho? Leo nakupa alama moja ambayo hatuitaji sana. Mtu akijaa Roho, macho yake yanapanuka. Anaanza kuona watu ambao jana hakuwaona.

Na tumaini? Tumaini la Simeoni linanishangaza. Alichoshika ni mtoto mchanga. Yesu hakuwa amefanya muujiza wowote. Hakuwa amehubiri wala kufa wala kufufuka. Alikuwa hata hajaanza kuongea. Warumi walikuwa bado wako barabarani. Lakini Simeoni hakusema "wokovu utakuja", alisema ameshauona. Tumaini la Kikristo si kubahatisha, si kusema "labda mambo yatakuwa sawa". Ni kumshika Yesu wakati mambo mengine yote bado yako vile yalivyokuwa, na kusema, yatosha, nimeona.

Mwambie jirani yako: "Nimeona vya kutosha kutumaini."

2. Hili halikuanzia Bethlehemu

Kuna mtu ananiuliza, "Mchungaji, si Mungu alikuwa wa Israeli kwanza, halafu baadaye akafikiria wengine?" Hapana. Rudi Mwanzo 12. Siku ile Mungu alipomwita Abrahamu, tayari alimwahidi kwamba kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Israeli aliitwa awe mfereji. Mfereji haujengwi ili maji yakae ndani yake.

Nenda Isaya 49:6. Mungu anamwambia mtumishi wake kwamba kuyarudisha makabila ya Yakobo peke yake ni kazi ndogo mno kwake. Atamfanya pia kuwa nuru ya mataifa, wokovu ufike mwisho wa dunia. Umeona Simeoni alitoa wapi maneno yake? Yule mzee alikuwa msomaji wa Biblia. Roho alimkumbusha kitu alichokuwa amekisoma. Usitegemee Roho akukumbushe ambacho hujawahi kusoma.

Sasa fungua Mathayo 1, ile orodha ya majina ambayo wengi huwa tunairuka. Ndani ya ukoo wa Yesu yumo Rahabu wa Yeriko, Mkanaani. Yumo Ruthu, Mmoabu. Damu ya mataifa ilikuwa ndani ya familia ya Yesu kabla hajazaliwa. Ukifika Mathayo 2, wanaokuja kumsujudia ni wageni kutoka mashariki. Biblia haisemi walikuwa watatu, zawadi ndizo zilikuwa tatu. Na Herode alipotaka kumwua mtoto, Yusufu alimchukua usiku akakimbilia Misri. Yaani Mwokozi wa ulimwengu alianza maisha kama mkimbizi, na aliyempa hifadhi ni Afrika. Ukisikia mtu akiwadharau wakimbizi, mkumbushe hapo.

3. Ukuta ndani ya nyumba ya Mungu

Hekalu ambalo Simeoni alisimama lilikuwa na nyua kadhaa. Uwanja wa nje ulikuwa wazi kwa kila mtu, hata watu wa mataifa. Lakini ukiendelea mbele ulikutana na kizuizi cha mawe, na juu yake kuliwekwa maandishi kwa lugha ambayo mgeni angeelewa. Mwaka 1871 jiwe moja la maandishi hayo liligunduliwa Yerusalemu, na leo limehifadhiwa Istanbul, Uturuki. Limeandikwa kwa Kigiriki. Maana yake ni kwamba mgeni yeyote asivuke kizuizi hiki, na atakayekamatwa amevuka, kifo chake kitakuwa juu yake mwenyewe.

Hebu fikiria. Mtu ametoka mbali, anamtafuta Mungu wa kweli, anafika mpaka nyumbani kwake, na anachokutana nacho ni jiwe linalomwambia akisogea hatua moja mbele atakufa.

Jiwe hilo linatusaidia kuelewa Matendo 21. Paulo alishikwa na umati wa watu hekaluni, nusura wamwue. Kosa lilikuwa nini? Walidhani amemwingiza ndani Trofimo, mtu wa Efeso, ambaye hakuwa Myahudi. Kisha soma barua yenyewe kwa Waefeso, sura ya 2. Paulo anawaambia watu wa mji wa Trofimo kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliokuwa katikati, ule uliowatenga, na amefanya makundi mawili kuwa mtu mmoja mpya. Na aliubomoa kwa nini? Kwa mwili wake mwenyewe, msalabani. Yule mtoto aliyepakatwa na Simeoni ndiye aliyelipa gharama ya kubomoa.

Kwa hivyo ukijenga ukuta tena, elewa unajenga juu ya damu ya nani.

4. Sisi ndio mataifa

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunakosea. Tukisoma neno "mataifa" tunafikiria watu wengine. Tunafikiria watu wa mbali ambao bado hawajafikiwa na Injili. Mpendwa, Simeoni hakuwa Mluo. Hakuwa Mkikuyu, wala Mkamba, wala Mkalenjin, wala Mluhya, wala Mgiriama. Aliposema mataifa, alikuwa anatusema sisi. Sisi ndio tuliokuwa nje ya kile kizuizi. Wewe na yule unayemwita "wao", nyote wawili mlikuwa upande mmoja wa ukuta, upande wa nje.

Nuru hiyo ilifikaje kwetu? Afrika iliisikia mapema sana. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alirudi kwao akifurahi karibu miaka 2,000 iliyopita. Hapa kwetu Kenya, mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa na mkewe Rosina. Katika mwaka huo huo homa ilimwua Rosina, na mtoto wao mchanga wa kike akafa pia. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Mwaka 1846, yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanza kazi Rabai. Wamisionari hawakuwa malaika, na walioanza kazi baada yao walikuwa na makosa yao, tunajua. Lakini kuna mama aliyezikwa pwani yetu pamoja na mtoto wake kwa sababu walikataa kuamini kwamba nuru ni ya watu wa kwao peke yao.

Na huu uamsho wetu wa kipentekoste? Wengi wetu tunajua jina la mtaa wa Azusa, mji wa Los Angeles, mwaka 1906. Aliyeongoza pale ni William Seymour, mtu mweusi, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Kabla ya hapo, huko Texas, alitaka kusoma katika shule ya Biblia, lakini kwa sababu ya sheria za ubaguzi alilazimika kusikilizia masomo akiwa nje ya darasa, mlango ukiachwa wazi. Mtu aliyewekwa nje ya mlango ndiye Mungu alimtumia kufungua mlango. Pale Azusa weusi, weupe na Wameksiko walipiga magoti pamoja, wakati ambapo Marekani iliwatenga karibu kila mahali. Inasikitisha kwamba miaka michache baadaye wengi wa wapentekoste hao waligawanyika tena kwa rangi. Roho alibomoa, watu wakarudi kuokota mawe.

5. Hodi ya usiku

Jumapili nilisema jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni, na nimeombwa liandikwe hapa.

Krismasi ya mwaka 2007 nilikuwa naishi katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Tulikuwa kwenye ploti ya nyumba za kupanga, milango kumi ikitazamana, bomba moja la maji katikati. Nilikuwa nimeokoka, nimejazwa Roho, nikiongoza maombi ya vijana. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa wa kabila lingine. Hatukuwa kanisa moja, lakini siku ya Krismasi tulikula pamoja. Mke wake alileta chapati, wangu akapika nyama, watoto wakacheza mpaka giza. Tuliombea chakula kwa Kiswahili ili kila mtu aseme amina.

Uchaguzi ulikuwa Desemba 27. Matokeo yalitangazwa tarehe 30. Mnajua kilichofuata. Zaidi ya watu 1,000 walikufa nchini, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mnajua pia Kiambaa, karibu na Eldoret, ambako Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia ndani ya kanisa, wengi wao akina mama na watoto, walichomwa humo humo. Kanisa la wapentekoste kama sisi.

Katika siku hizo, usiku mmoja, yule jirani alibisha mlango wangu. Alisema hodi kwa sauti ya chini sana. Nilimtambua. Kule barabarani tulikuwa tunasikia vijana wakipiga firimbi na mabati. Niliketi kitandani, na sikujibu.

Wapendwa, nataka mwelewe. Sikumchukia. Niliogopa. Nilijiambia nikifungua, watajua, watatuchoma sote. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya woga, na Mungu amenionyesha pole pole kwa miaka mingi. Kuna sauti ndani yangu ilisema, "Si watu wao ndio wameanza?" Siku sita zilizopita tulikula naye. Sasa alikuwa amekuwa "watu wao".

Akabisha mara ya pili. Akasema hodi tena. Mimi kimya.

Mke wangu ndiye aliyeinuka. Hakuniuliza. Alitoa komeo, akamvuta ndani, na mkewe na watoto watatu. Walikaa chini ya meza na nyuma ya pazia kwa siku tatu, mpaka walipopata lori la kwenda kambini. Hatukuchomwa. Tungechomwa pengine. Sisemi Mungu hutulinda kila mara tukifanya haki. Watu wa Kiambaa walikuwa wanamwamini Mungu huyo huyo. Nasema tu kwamba nilikuwa mchunga vijana, nikinena kwa lugha kila alfajiri, na hodi ilipopigwa nilinyamaza.

Miaka mitatu baadaye nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alishangaa. Hakujua. Alidhani nilikuwa nimelala, na kwamba mke wangu ndiye mwenye usingizi mwepesi. Nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hata mimi, kama ingekuwa kinyume, sijui ningefanya nini." Tukalia wawili, wanaume wazima, hotelini mbele ya chai.

Ndipo nikaelewa Petro. Petro alijazwa Roho siku ya Pentekoste, Matendo 2. Alinena kwa lugha za watu wa mbali. Lakini ukifika Matendo 10, Mungu analazimika kumwonyesha ono lile lile mara tatu ndipo akubali kuingia nyumba ya Kornelio, kwa sababu Kornelio ni wa mataifa. Umeona shida? Mtu anaweza kunena lugha za wageni na bado ashindwe kuingia nyumba ya mgeni. Kujazwa Roho ni mwanzo. Kumtii Roho mlango unapobishwa ni jambo lingine.

6. Ni kwa wote, lakini si bila kuamua

Kuna mtu atasikia haya aseme, "Basi kama wokovu ni kwa watu wote, wote wameokoka, tusisumbuane." Soma mstari wa 34 na 35. Simeoni yule yule alimgeukia Mariamu akamwambia mtoto huyu atakuwa sababu ya wengi kuanguka na wengi kuinuka, na atakuwa ishara ambayo watu wataipinga, na uchungu kama upanga utaingia moyoni mwake mama. Nuru imewashwa kwa ajili ya kila mtu, lakini mtu anaweza kufunga macho. Mlango uko wazi kwa kila kabila, lakini kuingia unaingia mmoja mmoja. Kuzaliwa katika familia ya Kikristo hakukuokoi. Na kuzaliwa nje ya familia ya Kikristo hakukuzuii. Haleluya!

Kwa hivyo hatunyamazi kuhusu Yesu kwa jina la amani. Tunamhubiri kwa jirani Mwislamu, kwa mzee wa kijiji anayeshika mila, kwa msomi anayesema hakuna Mungu. Lakini tunamhubiri kama watu ambao nao walikuwa nje, wakafunguliwa. Bila matusi. Bila dharau. Ombaomba mmoja akimwonyesha mwenzake mahali mkate uko.

7. Tufanye nini Krismasi hii?

Kwanza, angalia mezani pako. Nani hana pa kwenda? Soja wa ploti ambaye hakupewa likizo. Msichana wa kazi. Mwanafunzi kutoka kaunti ya mbali. Mkimbizi anayeuza chai kwenye kona. Mpelekee sahani, au bora zaidi, mkaribishe aketi. Na kama jirani yako Mwislamu alikuletea chakula siku ya Idi, usiisahau sahani yake.

Pili, angalia ulimi wako. Lugha ya mama ni zawadi ya Mungu, na katika Ufunuo 7:9 Yohana aliona mbele ya kiti cha enzi watu wa kila taifa, kabila na lugha. Makabila hayafutwi mbinguni, yanaabudu pamoja. Lakini mgeni akiwa kati yetu na sisi tukahama ghafla kwenda lugha asiyoijua, tumemjengea kizuizi cha mawe. Na ile mizaha kuhusu kabila fulani, ile tunayocheka tukiwa peke yetu huko nyumbani, watoto wanasikiliza. Januari 2008 haikuanza Januari. Ilianza kwenye vicheko.

Tatu, msimu wa kampeni ukirudi, na utarudi, amua sasa. Usingoje usiku wa hodi ndipo uanze kufikiri. Mimi sikuwa nimeamua, ndiyo maana nilinyamaza. Mke wangu anasema alikuwa ameamua zamani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Simeoni alingojea faraja ya watu wake, lakini akaona wokovu wa watu wote. Wewe umekuwa ukiomba nini kwa ajili ya watu wako peke yao?
2. Katika mtaa wetu, "kizuizi cha mawe" kiko wapi? Katika kanisa letu je?
3. Kwa nini Petro alihitaji Matendo 10 baada ya Matendo 2?
4. Kuna mtu ambaye hodi yake hukuijibu? Usitaje jina lake kwenye kikundi. Mwombee kimoyomoyo, kisha panga utamfikia vipi kabla ya mwaka kuisha.

Sala

Kama hujampokea Yesu, usingoje mwaka mpya. Mahali ulipo, omba hivi kwa maneno haya au yako mwenyewe:

Bwana Yesu, nilikuwa nje, nawe umenifungulia. Nakiri dhambi zangu. Naamini ulizaliwa, ulikufa na kufufuka kwa ajili yangu. Ingia moyoni mwangu, uwe Mwokozi na Bwana wangu. Nijaze Roho wako. Unipe macho ya Simeoni, niwaone watu uliowaona wewe. Na mlango wangu ukibishwa, nipe ujasiri wa kuinuka. Katika jina la Yesu, amina.

Kama umeomba sala hii kwa mara ya kwanza, mwambie mzee wa kanisa au kiongozi wa ushirika wako wiki hii, tukusaidie kuanza safari.

Nawatakia safari njema nyote mnaosafiri. Na mkifika nyumbani, mtu akisema hodi, yeyote awaye, jibuni karibu.